Valvu za kujaza tangi la choo: ipi inafaa nyumba ya simtenki?

Tangi la choo la lita 9, kwenye nyumba yenye presha nzuri, hujaa kwa dakika moja hadi mbili baada ya kuflashi. Likichukua dakika tano, anayefuata anasubiri mlangoni. Likichukua kumi, watu wanaacha kuflashi na kurudi kwenye ndoo na kopo. Fundi akiitwa, mara nyingi jibu lake ni moja: valvu imekufa, nunua nyingine. Inanunuliwa valvu mpya, inafungwa, na tangi linajaa polepole vilevile. Hela imekwenda na tatizo limebaki pale pale, ama kwa sababu valvu ya zamani haikuwa na kosa, ama kwa sababu hiyo mpya haikutengenezwa kwa maji yanayoshuka kutoka simtenki lililo mita tatu juu ya ardhi.

Hapa tunapima aina za valvu zinazopatikana sana madukani kwa kigezo kimoja: zinajazaje tangi pale maji yanapotoka kwenye simtenki? Hayo ndiyo maji ya nyumba nyingi za Dar es Salaam, Dodoma, Mombasa na Nairobi. Valvu inayosifiwa Ulaya au Marekani kwa kujaza haraka na kimya imesifiwa kwenye maji ya bomba la mji yenye presha ya baa mbili au tatu saa zote. Huku kwetu swali ni jingine.

Ndoo kwanza, duka baadaye

Kabla ya kununua chochote, pima maji yanayofika. Funga koki ndogo ya ukutani, ile ambayo mafundi huiita engo valvu. Fungua nati ya fleksibo, ule mrija unaopindika unaopeleka maji kutoka koki hadi tangini, upande wa tangi la choo, elekeza mdomo wake kwenye ndoo, fungua koki yote, hesabu sekunde 15, kisha pima maji kwa jagi la lita moja. Shika mdomo wa fleksibo usawa ule ule ulipokuwa umefungwa. Ukiulaza sakafuni unajiongezea kimo cha nusu mita au zaidi, na kwenye maji ya simtenki nusu mita ni nyingi, kipimo kitakudanganya.

Lita mbili kwa sekunde 15 ni lita nane kwa dakika. Hayo yanatosha kabisa kujaza tangi la lita 9 kwa muda mfupi. Ikiwa ndoo inapata kiasi hicho na tangi bado linajaa kwa dakika sita, kosa liko ndani ya tangi, na kuna haja ya kuzungumzia valvu. Ikiwa ndoo nayo inapata mchirizi tu, valvu mpya haitasaidia lolote. Fungua fleksibo upande wa ukutani pia, upime tena maji yakitoka moja kwa moja kwenye koki. Yakiongezeka, fleksibo ndiyo inayobana. Yasipoongezeka, angalia koki yenyewe au kilicho nyuma yake.

Fleksibo za bei ya chini zina kosa lisiloonekana kwa nje. Zote zimeandikwa nusu inchi, lakini nusu inchi hiyo ni ya nati. Mrija wa raba ulio ndani unaweza kuwa mwembamba kama kalamu ya wino. Dukani ishike fleksibo mbele ya mwanga na utazame tundu lake kutoka mdomo mmoja, kisha uilinganishe na nyingine. Chukua yenye tundu pana, tena chukua urefu unaotosha tu. Ndefu kupita kiasi hulazimika kukunjwa nyuma ya tangi, na pale inapopinda kwa ukali mrija wa ndani hujikunja na kuziba nusu. Kwa nje utaona waya za stili ziko sawasawa.

Engo valvu nazo ni za aina mbili. Ile ya kuzungushwa mara nyingi hufunga kwa raba ndogo iliyokaa mwisho wa mti wake. Raba hiyo ikichoka huchomoka na kukaa kwenye tundu, na unaweza kuzungusha mkono wa koki mpaka mwisho bila maji kuongezeka. Ya robo mzunguko haina raba ya namna hiyo na huonyesha wazi kama imefunguka au la. Kwa choo, chagua ya robo mzunguko. Zote mbili huponzwa na tabia ya kuibana koki ili kupunguza kelele za maji, kisha watu wakasahau kuwa ilibanwa. Ajabu ni mara ngapi tatizo lote huishia hapo: koki ilikuwa nusu.

Koki ikitoa maji kidogo ingawa imefunguka yote, panda kwenye simtenki. Tazama tope lililotua ndani yake, getivalvu (koki ya kufungia) iliyo kwenye bomba la kutokea, na njia ya bomba lenyewe. Bomba likishuka, likapanda tena kidogo kuvuka dirisha au boriti, kisha likashuka, hewa hukusanyika pale juu na kuzuia maji, hasa baada ya simtenki kukauka. Jaza simtenki zaidi ya nusu, fungua bomba la chini kabisa la nyumba mpaka litoe maji yasiyokatika, ndipo upime tena chooni.

Kwa nini valvu ile ile hujaza haraka kwa jirani

Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa presha ya takriban baa 0.1. Simtenki likiwa juu ya mnara wa mita tatu, maji yakiwa nusu yake, tuseme kina cha sentimita 60, na valvu ya choo ikiwa kiasi cha sentimita 80 kutoka sakafuni, unabaki na kimo cha kama mita 2.8, yaani baa 0.28. Jirani anayepokea maji ya bomba la mji kwa baa 2.8 ana presha mara kumi yako. Maji yanayopita kwenye tundu moja hayaongezeki mara kumi. Huongezeka kama mara tatu. Kwa hiyo valvu inayojaza tangi lake kwa dakika moja na nusu itajaza lako kwa dakika karibu tano bila kuwa na kosa lolote.

Nyumba ya ghorofa yenye simtenki juu ya paa la zege ina jambo linaloshangaza wengi: choo cha ghorofa ya juu hujaa polepole kuliko cha chini, ingawa kiko karibu zaidi na simtenki. Ni kwa sababu hiyo hiyo ya ukaribu. Kimo cha maji juu yake kinaweza kuwa mita moja na nusu tu.

Kitu cha pili ni tundu. Tundu la robo inchi ni pana mara mbili ya tundu la moja ya nane ya inchi ukipima kwa rula, lakini eneo lake ni mara nne, na maji yanayopita ni karibu mara nne. Presha ya nyumba yako ni vigumu kuibadilisha bila kuongeza mnara au kununua pampu. Tundu unaweza kulichagua dukani. Kwa hiyo tathmini hii yote inategemea tundu.

Valvu ya shaba yenye mkono na boya

Hii ndiyo ya zamani: mwili wa shaba unaoingia tangini kwa ubavuni, mkono mrefu wa waya mnene, na boya la plastiki mwishoni. Ndani yake kuna pistoni ndogo yenye washa ya raba. Boya likipanda, mkono huisukuma pistoni, na washa huziba tundu. Haina kiwambo cha raba kinachosukumwa na maji wala njia ndogo za siri. Nguvu ya kufunga inatoka kwenye mkono peke yake.

Kwa maji ya simtenki, valvu hii ndiyo ninayoiweka mbele, kwa sharti moja: uwe umenunua yenye tundu kubwa. Mwilini hupigwa chapa ya herufi HP au LP. HP ni ya presha kubwa, na tundu lake ni kama milimita 3. LP ni ya presha ndogo, na tundu lake ni kama milimita 6. Muuzaji akiulizwa tu "nipe boya la choo" atatoa lililo karibu, na HP ikifungwa kwenye simtenki, hata ikiwa mpya kabisa, itachukua zaidi ya dakika nne kujaza lita 9 kwa kimo cha mita 2.8. LP kwa kimo hicho hicho hujaza kwa dakika moja hadi mbili, ikiwa bomba na fleksibo havibani. Tofauti ni herufi moja iliyopigwa kwenye shaba, na watu wengi hawaitazami.

Kwenye valvu nyingi za namna hii tundu liko kwenye kipande kidogo cha plastiki ngumu kinachochomoka, kwa hiyo HP inaweza kugeuzwa LP kwa kubadilisha kipande hicho tu. Kisitobolewe kwa drili. Drili huacha kingo zenye makovu, na ile washa ya raba inayokaa juu yake hukatika kidogo kidogo mpaka maji yanaanza kupita usiku na mchana.

Ina udhaifu wake. Inapiga kelele. Na kwa kuwa mkono hupanda taratibu pamoja na maji, tundu huanza kuzibwa kabla tangi halijajaa, hivyo sentimita mbili za mwisho hujaa kwa mchirizi. Usiihesabu hiyo kuwa ni ubovu. Choo kinaweza kuflashiwa kabla mchirizi huo haujakwisha. Udhaifu mkubwa zaidi ni nafasi. Boya linahitaji kupanda na kushuka bila kugusa kitu, na matangi ya kisasa membamba hayana upana huo. Boya likisugua ukuta wa tangi, au likikaa juu ya mtambo wa kuflashi, halishuki mpaka chini, pistoni haifunguki yote, na hapo umepata tangi linalojaa polepole kwa valvu nzima. Flashi ukiwa umefungua mfuniko, na utazame boya: lazima lishuke kwa uhuru wote.

Kwa ukarabati ni rahisi kuliko zote. Funga maji, chomoa pini inayoshika mkono, toa mkono, kisha vuta pistoni kwa koleo. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi utaikuta imevaa ganda jeupe la chokaa na inatoka kwa shida. Iloweke kwenye siki kwa saa kadhaa, isugue kwa msasa laini sana mpaka iteleze kwa kidole, badilisha washa, irudishe. Kazi yote, ukiacha kuloweka, haifiki nusu saa, na hakuna kipuri cha jina maalumu kinachohitajika.

Kuna nyumba moja isiyofaa kufungwa LP. Ni ile ambayo bomba la mji limeunganishwa moja kwa moja na mabomba ya ndani, kiasi kwamba maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yakitoka vyoo vinalishwa na bomba, na yakikatika vinalishwa na simtenki. Presha ya bomba ikipanda usiku, itasukuma washa ya tundu kubwa kwa nguvu ambayo boya haliwezi kuizuia, na maji yatamwagika kwenye bomba la kufurikia mpaka asubuhi. Nyumba ya namna hiyo isome sehemu inayofuata.

Valvu za kikombe

Hizi zinasimama wima kutoka chini ya tangi. Badala ya mkono na boya la mbali zina kikombe kinachopanda na kushuka kwenye mti wa valvu yenyewe. Zinaingia kwenye tangi jembamba bila shida, hazina kelele, na hubaki wazi kwa kiwango kile kile mpaka maji yakifika juu, kisha hufunga ghafla. Ndiyo maana zimejaa madukani.

Siri yake ni kiwambo cha raba kilicho chini ya kifuniko. Kiwambo kina kitundu kidogo sana kinachoruhusu maji kupenya kwenda upande wake wa juu. Juu ya hapo kuna tundu jingine la kutolea maji hayo, ambalo huzibwa na kimkono kinachosukumwa na kikombe. Kikombe kikiwa chini, maji ya juu yanatoka, presha ya chini inakiinua kiwambo, na tangi linajaa. Kikombe kikipanda, tundu la juu linazibwa, presha inalingana pande zote mbili, kiwambo kinarudi chini na kufunga.

Ukielewa hapo, unaelewa magonjwa yake yote. Kitundu cha kiwambo kikiziba, valvu haifungi na maji yanamwagika. Tundu la juu likiziba kwa uchafu, maji ya juu hayatoki, kiwambo kinanyanyuka kidogo tu, na tangi linajaa polepole. Mchanga si lazima. Unywele mmoja wa thredi tepu, ule uzi mweupe unaochanika pembeni fundi anapokaza nati, unatosha. Na kwa kuwa kiwambo kinainuliwa na presha ya maji yenyewe, simtenki la chini sana halikiinui vizuri hata kikiwa kisafi. Kwenye boksi la valvu hizi huandikwa presha ya chini inayohitajika. Ikiwa imeandikwa baa 0.5, na wewe una 0.28, irudishe kwenye rafu hata kama muuzaji anasema inafanya kazi popote.

Katika aina hii, zile za plastiki nyepesi zisizo na jina zinazouzwa kwa wingi Kariakoo hazifanani. Nyingine hutumika miaka, nyingine kifuniko hulegea mapema. Unachoweza kukagua dukani ni hiki: je, kifuniko kinafunguka kwa mkono ili kiwambo kioshwe, au kimegandishwa? Ikiwa kimegandishwa, acha. Siku ya tope la kwanza utalazimika kuitupa yote. Je, mkiani, pale fleksibo inapofungwa, kuna chujio linalochomoka? Je, nati ya plastiki inapita kwenye thredi mpaka mwisho bila kuyumba? Na je, urefu wake unarekebishika? Chukua futi kamba na upime kina cha ndani cha tangi lako kabla ya kwenda dukani.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye simtenki alijue. Valvu nyingi za kikombe na za kiwambo zinakuja na kizuizi cha maji mkiani: kipande kidogo cha plastiki chenye tundu dogo katikati, kinachokaa juu au ndani ya chujio. Kimewekwa kwa ajili ya presha kubwa, ili valvu isipige kelele. Torbeck ya Uingereza, ambayo wenye nyumba za huko wanaifahamu sana, ni mfano wa valvu inayouzwa pamoja na kizuizi hicho na maelekezo ya lini kitumike na lini kiondolewe. Valvu za bei ya chini zina kipande hicho hicho bila karatasi yoyote. Fundi anaifunga ilivyo, na tangi linalolishwa na simtenki linapata maji kupitia tundu kama la sindano ya cherehani. Geuza valvu, tazama mkiani kwa tochi ya simu, chomoa chujio kwa koleo lenye mdomo mwembamba, na uone kama kuna kipande kilichotobolewa katikati. Kitoe, rudisha chujio peke yake. Chujio lisitupwe: nyavu yake haipunguzi maji ikiwa safi, na ikikosekana, mchanga wote unakwenda kwenye kiwambo.

Fluidmaster 400A

Hii ni ya Marekani, na ndiyo valvu ambayo Waswahili wanaoishi huko wataikuta karibu kila duka la vifaa vya nyumba. Inarekebishika kutoka inchi 9 hadi inchi 14, kikombe chake ni kikubwa, na sifa yake kuu kwangu ni kwamba imebuniwa ifunguliwe. Funga maji, uflashi, inua kikombe na ushike mti chini yake kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili gandamiza kifuniko na ukizungushe kinyume cha saa, sehemu moja ya nane ya mzunguko. Kikiachia, weka kikombe cha kunywea kichwa chini juu ya tundu, na ufungue maji kwa sekunde chache mara mbili tatu. Kikombe hicho kinazuia maji yasipige dari, na uchafu ulioganda hutoka. Hayo peke yake hurudisha kasi ya kujaa mara nyingi. Raba ya ndani ikiwa imechoka, inauzwa peke yake kwa namba 242, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na valvu nzima.

Kwa nyumba ya Minneapolis au Columbus yenye maji ya bomba, sina sababu ya kupendekeza nyingine. Kwa anayefikiria kuibeba kwenye sanduku kuja nyumbani, asubiri kwanza. Mkia wa 400A umetengenezwa kwa fleksibo ya Kimarekani yenye nati ya saba ya nane ya inchi, na fleksibo za nusu inchi za huku hazitaingia. Matoleo yanayotengenezwa kwa ajili ya Uingereza yana mkia wa nusu inchi na hayo yanalingana. Hata hivyo swali la presha linabaki: ni valvu ya kiwambo, na juu ya simtenki la chini haitafanya muujiza.

Kuifunga bila kuharibu

Valvu yoyote ya wima inaingia kwa njia moja. Funga koki, uflashi, kausha maji yaliyobaki kwa sponji, fungua fleksibo, kisha fungua nati kubwa chini ya tangi huku mkono mwingine ukishika valvu ndani isizunguke. Safisha ukingo wa tundu kwa kitambaa. Raba nene ya valvu mpya inakaa ndani ya tangi, na nati inakaa nje, ukizigeuza, itavuja. Kaza nati kwa mkono mpaka igome, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Nguvu ya ziada haizuii kuvuja. Inapasua udongo wa tangi, na hilo halina gundi.

Kwenye thredi za mkia usizungushe thredi tepu. Fleksibo inazuia maji kwa washa yake ya ndani, tepu haina kazi pale, na vipande vyake ndivyo vinavyokwenda kukaa kwenye kiwambo. Kabla ya kuunganisha fleksibo, ielekeze kwenye ndoo na uachie maji kama lita tano zipite. Kwenye nyumba mpya yenye mabomba ya plastiki ya PPR utaona mabaki ya plastiki yakitoka, na kama kazi ya saruji ilikuwa bado inaendelea, mchanga pia. Valvu nyingi mpya huziba siku ya kwanza kwa kurukwa hatua hii.

Alama iliyo juu ya mti wa valvu iwe angalau sentimita 2.5 juu ya mdomo wa bomba la kufurikia, ili maji machafu ya tangi yasiweze kunyonywa kurudi kwenye bomba. Ule mrija mdogo laini unaotoka kwenye valvu unaelekezwa ndani ya bomba la kufurikia kwa klipu yake, mdomo ukiwa juu. Ukiuzamisha ndani kabisa utanyonya maji ya tangi taratibu, na valvu itakuwa inajijaza kila baada ya muda bila mtu kuflashi. Maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Ipi ya kununua

Nyumba ya simtenki peke yake, tangi la choo pana la udongo: shaba yenye mkono, LP, na washa mbili za akiba. Nyumba ya simtenki yenye tangi jembamba: valvu ya kikombe inayofunguka kifuniko, iliyoandikwa presha ya chini isiyozidi uliyonayo, kizuizi kimetolewa. Nyumba inayobadilishana bomba la mji na simtenki: ya kikombe pia, lakini kizuizi kijaribiwe pande zote mbili, kikitolewa na valvu ikaanza kupiga kelele na kutetemesha bomba siku ya presha kubwa, punguza kwenye engo valvu siku hiyo, kisha usisahau kuifungua yote tena, badala ya kukirudisha. Mwenye pampu ya presha anunue ya kikombe yoyote nzuri, maana presha yake haibahatishi.

Vidonge vya klorini vinavyotupwa ndani ya tangi kwa ajili ya harufu na rangi viachwe kwa aina zote. Hukausha na kuvimbisha raba. Mafuta ya taa na grisi ya gari vilevile visiguse kiwambo wala washa. Raba ikihitaji kulainishwa, ni grisi ya silikoni tu.

Baada ya mgao wa siku kadhaa, maji yakirudi, funga engo valvu zote za vyoo kwanza na uachie bomba la nje litoe kutu na tope mpaka maji yawe meupe. Na siku valvu inapofanya kazi vizuri, andika kwa maka peni upande wa ndani wa mfuniko wa tangi tarehe na muda wa kujaa, kwa mfano dakika 1 na sekunde 50. Muda huo ukizidi kwa nusu dakika, anza na chujio la mkiani.